Chenji ya Wodi ya Wazazi

4 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limepunguza ukaidi. Sisi huku hatujambo. Mwanangu ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa akicheka anaziba mdomo kwa kiganja kama bibi harusi. Baba yake amehamishiwa zamu ya mchana, kwa hiyo walau jioni tunakula pamoja.

Sasa nikuambie jambo. Nimepata kazi. Si ajira, usishangilie mapema. Ni mkataba wa miezi mitano. Wizara inataka kujua kwa nini fedha inazopeleka kwenye halmashauri zinaonekana kwingine na kwingine hazionekani. Kwa kuwa mtu hajikagui mwenyewe mgongo, imetafuta watafiti wa kujitegemea. Tuko wawili, mimi na mzee mmoja mtulivu ambaye ndiye kiongozi wa utafiti. Tutachunguza halmashauri kumi na mbili, mafaili ya miaka tisa, kisha tuandike ripoti na kusema sera ibadilishwe wapi.

Orodha ilipofunguliwa, ya saba ilikuwa yetu. Nilinyoosha mkono palepale nikasema mweka hazina wa pale ni shangazi yangu, na ndiye aliyenilea tangu baba alipofariki. Kiongozi alifikiri kidogo, akasema sawa: yeye mwenyewe atakuja huko kuona na kuhoji, mimi nitasoma makaratasi tu, na undugu wetu utaandikwa ukurasa wa kwanza wa ripoti ili kila mtu aujue. Kwa hiyo naomba taarifa zenu za matumizi za miaka tisa. Ningeweza kupiga simu, lakini najua utakachosema: simu husahau, karatasi hukumbuka.

Mimi mwanao mwenye maswali,
Kiulizo

21 Februari

Kiulizo wangu,

Marahaba, mara mbili. Ya pili ni ya huyo kibogoyo. Mwambie bibi yake huku naye ana pengo, akija tutacheka pamoja bila kuziba mdomo.

Mimi mzima. Goti linatangaza mvua kabla ya redio. Mji ni uleule. Saa ya ukumbi wa halmashauri imesimama tena saa mbili kasoro, na kila anayechelewa kazini anaionyesha kama shahidi wake. Mkunga anakusalimu. Wodi ya wazazi bado inavuja. Wiki iliyopita alisogeza vitanda sita upande mmoja, na kila kitanda kina ndoo yake jirani. Anasema watoto wa mji huu wanazaliwa wakiwa tayari wameoga.

Mafaili nimeyatuma kwa gari la vifurushi. Yako tisa, nimeyafunga kwa kamba, na juu kuna orodha: tia sahihi, rudisha. Usicheke. Huku wananiita Bi Stakabadhi, na jina lenyewe sikulichukia. Utaona kwa macho yako: miaka tisa, haikupotea hata senti. Kila tarehe thelathini Juni, mwaka wa fedha unapofungwa, kilichobaki nakirudisha wizarani siku hiyohiyo kabla ya saa kumi. Mara nyingi zinazobaki ni fedha za paa la wodi. Hutufikia Mei au Juni, na zabuni ni lazima itangazwe siku thelathini. Kabla hatujampata mkandarasi, mwaka umekwisha. Basi nazirudisha. Mwaka unaofuata tunaomba tena, nao wanatupa pungufu. Sijui wenzetu wanapimiwa kwa kibaba gani.

Unaikumbuka ile siku ya sukari? Ulikuwa na miaka saba. Mwenye duka alikuzidishia chenji, ukafika nyumbani unarukaruka, na bibi yako akakurudisha palepale na mvua ikinyesha. Nilikushika mkono tukaenda wote. Nami alinirudisha hivyohivyo nilipokuwa na umri wako. "Chenji si yako," alisema, na neno hilo ndilo nililokalia nalo kiti changu miaka yote hii. Juni hii nastaafu. Nataka nikabidhi funguo mikono ikiwa mitupu na misafi. Ripoti yenu haina haja ya kunitaja, lakini mimi nitajua nimo.

Kula vizuri. Unapokuwa na kazi huwa unasahau.

Shangazi yako

19 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, mafaili ni mengi. Orodha ninairudisha, nimetia sahihi. Goti linaendeleaje? Mvua je? Mkunga ana ndoo za kutosha?

Meno ya kijana yameanza kuchungulia.

Nina swali moja dogo. Kwenye mwongozo wa wizara, kurasa za nyuma kabisa, kuna fomu ya kuomba kuvusha fedha: yaani halmashauri ikichelewa kuzitumia, inaomba kubaki nazo mwaka unaofuata. Kwenye mafaili yako sijaiona hata moja. Labda zimebaki kwenye faili jingine?

Nakupenda.
Kiulizo

2 Aprili

Kiulizo,

Marahaba. Orodha imefika, nimeitia kwenye faili lake.

Kiongozi wako alikuja. Mtu wa adabu, viatu vinang'aa. Alizunguka wodini akitazama juu, akasahau chini, mguu mmoja ukazama ndooni hadi kwenye soksi. Mkunga alimkausha kwa taulo la watoto na hakucheka mpaka alipoondoka. Aliniuliza mengi, nikamjibu yote aliyouliza.

Mwambie kijana asitafune vitu vigumu mpaka meno yakomae. Hapa nina pilikapilika na ofisi ya manunuzi, nitakueleza siku nyingine.

Sasa niambie wewe, mbona barua yako fupi hivyo? Ulipovunja birika langu la kauri ulinisalimia mara tatu mfululizo kabla sijaingia jikoni. Barua yako ina goti, mvua na ndoo katika mstari mmoja. Nakujua. Kuna kitu umekikalia.

Kuhusu faili jingine: hakuna faili jingine. Nilikutumia yote.

Shangazi yako

24 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nyumbani wote wazima, na hiyo ndiyo habari pekee nyepesi niliyonayo. Barua hii nimeianza mara nne. Ni kweli, kuna kitu nimekikalia.

Wizarani kuna kanuni. Kiasi chochote kinachorudishwa kinahesabiwa kuwa hakikuhitajika, na mwaka unaofuata halmashauri inakatwa kiasi hichohicho. Nimelinganisha mwaka kwa mwaka. Kila ulichorudisha kabla ya saa kumi, mlikatwa. Hakuna aliyewapunja. Hakuna aliyewachukia. Ulirudisha, wakaamini hamkuhitaji.

Halmashauri ya jirani zenu, wale mnaowacheka kwa uzembe, nao fedha huwafikia kwa kuchelewa vilevile. Tofauti ni kwamba mweka hazina wao hujaza ile fomu kila Juni, kwa mwandiko mbaya kama wa kuku. Leo wanapata karibu mara mbili yenu. Wodi yao ina paa, na sakafu wameweka vigae.

Sikuandikii haya kukuhukumu. Kati ya halmashauri kumi na mbili, tatu fedha zake zimeliwa, na walaji wake tunawaona waziwazi kwenye karatasi. Zako hazikuliwa. Wewe ndiye mwaminifu kuliko wote niliowasoma, na mji wako ndio uliobaki nyuma kuliko yote. Nimeketi na jambo hilo siku nyingi na moyo wangu haujatulia.

Kiongozi aliniona nimenyong'onyea. Alisema tunaweza kuwaacha ndani ya jedwali tu, tarakimu bila maelezo. Lakini hatuna mfano ulio wazi kama huu. Tukiuacha, wizara itasema halmashauri fulani hazina uwezo wa kutumia fedha, basi, na kanuni yake itabaki ilivyo. Tukiuweka, kila mtu mjini atajua ni nani anayesemwa, tena wiki chache kabla hujastaafu. Wewe ndiye uliyenifundisha kusema kweli na wewe ndiye nisiyetaka kweli imuumize. Nifanyeje?

Na ile fomu, Shangazi. Uliijua?

Mwanao

20 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Wiki zinakaribia nne. Simu yako inaita mpaka inakata. Nilimpigia mkunga, akasema "yupo, mzima, ana kazi," kwa sauti ya mtu aliyeficha mgeni chumbani. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo ndio ninaouogopa.

Ripoti inatakiwa tarehe tano Juni. Nina rasimu mbili. Moja ina sura yenu, nyingine haina. Zote ziko mezani, na sijui nianze kusafisha ipi.

Nikasirikie, nimekubali. Lakini nikasirikie kwa maandishi.

Kiulizo

27 Mei

Kiulizo,

Marahaba. Naanza na salamu, maana hata mwenye hasira husalimia. Mjukuu wangu hajambo? Na mumeo?

Nilikasirika, tena sana. Siku tatu nilikuita majina ambayo siyaandiki, kwa kuwa karatasi hukumbuka. Mtoto niliyemfundisha kusoma ananisomea makosa yangu! Siku ya nne nikaichukua barua yako nikaenda nayo wodini, nikakaa kwenye benchi la mlangoni, nikampa mkunga. Akaisoma yote akiwa amesimama. Nilitaka aseme umenikosea. Akaikunja, akanirudishia, akasema, "Dada, mficha uchi hazai." Halafu akaenda kumwaga ndoo.

Basi nisikilize. Fomu naijua. Niliiona miaka sita iliyopita. Ni ukurasa mmoja tu. Katikati kuna mstari umeandikwa "Sababu za kushindwa kutumia fedha," na chini yake ni mahali pa sahihi ya mweka hazina. Nilishika kalamu, nikaiweka. Mimi nilikuwa mwanamke wa kwanza kukalia kile kiti, mwanangu, na pale ofisini walikuwapo watu waliokuwa wakisubiri neno hilohilo moja, kwamba nimeshindwa. Niandike kwa mkono wangu? Nikaona afadhali kurudisha kwa heshima kuliko kuomba kwa aibu. Nikaitia kwenye droo ya chini. Kila mwaka ikawa rahisi zaidi kutoifungua ile droo.

Kanuni ya kukata sikuijua, naapa. Lakini niliona tunapungukiwa mwaka hadi mwaka na sikuuliza. Mimi niliyekupa wewe jina la Kiulizo kwa sababu ulikuwa hunipi nafasi ya kumeza mate!

Mama alinifundisha kurudisha chenji ya mwenye duka, na hakukosea. Mimi ndiye sikuwahi kujiuliza hii ni chenji ya nani. Ilikuwa ya wale wanaolala kando ya ndoo. Nimepita mbele yao miaka yote hiyo nikiwasalimia, nikijiona mtu safi. Nimelia, na sioni haya kukuambia.

Chana hiyo rasimu isiyokuwa nasi. Andika sura yetu, na uandike "mweka hazina." Usiandike "baadhi ya watumishi", mimi si baadhi. Nimeweka humu maelezo yangu, kurasa mbili, nimetia sahihi. Watu watasema. Waache waseme, mdomo ni wao.

Na usilie kwenye karatasi za serikali, wino utachuruzika.

Shangazi yako

11 Juni

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo, tena shikamoo. Barua yako niliisomea mlangoni, viatu vikiwa bado mguuni, na nililia mpaka kijana akaniletea kitambaa cha kufutia vyombo. Kilinuka sabuni na vitunguu. Nimekifua, na mwenyewe anajisifu kwa kila jirani kwamba alinitibu.

Ripoti imeingia. Sura yenu ni ya nne, na maelezo yako ni kiambatisho cha pili, neno kwa neno. Kiongozi aliyasoma mara mbili. Akasema katika miaka yote ya kazi hii amekusanya visingizio vya kujaza ghala, lakini ni mara yake ya kwanza kupewa sababu.

Tumependekeza kwamba fedha zinazofika baada ya Machi zibaki kwenye halmashauri bila kuombwa, na ile kanuni ya kukata ifutwe. Na kwenye fomu, mstari ule usomeke "Sababu za kuchelewa." Hilo la mwisho niliomba mimi, kwa ajili yako. Sikuahidi lolote: wizara hupokea ripoti kwa mikono miwili na kuitia kabatini kwa mmoja. Lakini imepokewa, na ukurasa wa kwanza unasema wazi kwamba mtafiti ni mtoto wa kaka yake mweka hazina.

Shangazi, nilikuogopa mwezi mzima. Sikuogopa hasira zako, nilizikulia. Niliogopa usije ukajiona mdogo. Kwangu hujawahi kuwa mdogo, na siku uliyoandika ile barua ndiyo ulikuwa mkubwa kuliko siku zote.

Fedha za paa za mwaka huu zimefika? Kama zimechelewa tena, na tarehe thelathini unaondoka... Sikwambii ufanye nini. Nauliza tu. Ndiyo kazi yangu.

Kiulizo

1 Julai

Kiulizo wangu,

Marahaba. Nakuandikia asubuhi nikiwa mezani kwangu, nimevaa nguo za kazini kwa mazoea na sina pa kwenda nazo. Goti lina furaha, halina ngazi za kupanda. Mwambie daktari wangu mdogo wa vitunguu kwamba nimesikia habari zake na namwekea kazi.

Kwanza nikujibu lile la Machi. Siku niliyopata swali lako dogo nilivimba kwa hasira, halafu miguu ikanipeleka ofisi ya manunuzi bila kuniomba ruhusa. Nikauliza: tunaweza kutangaza zabuni kabla ya fedha kufika? Ofisa akafungua kitabu chake, akasema ndiyo, mradi mkataba usianze mpaka fedha ziingie. Ndiyo! Miaka yote hiyo kitabu kilikuwa rafuni na hakuna aliyeuliza. Kuuliza si ujinga. Nilikuambia wewe tangu utotoni nikasahau kujiambia mimi. Tukatangaza Aprili, na mkandarasi tukampata Mei. Sikukuambia kwa sababu niliogopa fedha zisifike, ukanihurumia mara mbili.

Ziliingia tarehe tisa Juni. Tarehe kumi na mbili mafundi walikuwa juu. Mkunga alihamia na wazazi wa wodi yake kwenye ukumbi wa chanjo, akawa anatoka kila saa kuhesabu misumari. Jana mchana nusu ya wodi ilikuwa na paa, mabati mapya yanayoumiza macho. Vitanda vinne vimerudi chini yake. Jana hiyohiyo amezaliwa mtoto wa kike pale, na mvua ikanyesha juu yake kwa kelele zote bila hata tone kumfikia. Mkunga akaniita niende nisikilize. Tulisimama wawili tunasikiliza bati kama watu wasiowahi kusikia mvua.

Nusu ya pili bado ni mbao tupu. Fedha zake zilikuwa benki, na ilikuwa saa tisa, tarehe thelathini. Nilirudi ofisini nikafungua droo ya chini. Fomu imekuwa ya njano kama meno ya mvuta tumbaku. Mkurugenzi akasema nichukue mpya, nikakataa. Hii ndiyo iliyokuwa ikinisubiri. Kwenye ule mstari nikaandika: "Fedha zilichelewa kufika, na mweka hazina alichelewa miaka sita." Nikatia sahihi. Mkurugenzi akatia yake, ikagongwa muhuri, ikaondoka. Mpaka wizara ijibu, fedha zinakaa pale zilipo, na mkandarasi anaendelea kupima mbao.

Nilipokuwa nikitoka na funguo nimeshakabidhi, mmoja wa wale waliosubiri zamani nishindwe, amezeeka naye, akasema kwa sauti ya kila mtu asikie, "Kwa hiyo Bi Stakabadhi ameshindwa." Nikamwambia, "Ndiyo, na stakabadhi ninayo." Nikamwonyesha nakala. Alicheka yeye, tukacheka wote. Nilikuwa nimelibeba neno lile miaka sita ndani ya gunia la kulificha, kumbe zito lilikuwa gunia lenyewe.

Nakala nimeiweka humu. Tia sahihi kwamba umeipokea, rudisha.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Ni mara ya kwanza nimefunga mwaka bila kurudisha kitu. Nilipofika karibu na lile duka la sukari, siku hizi linauza rangi za kuta, nilimsikia mama waziwazi, kama alivyokuwa akiita kutoka uani: "Chenji iko wapi?" Nikamjibu kwa sauti, wapita njia wakanigeukia.

Nikasema, mama, bado niko dukani, sijamaliza kununua.

Shangazi yako